Nyumba wanamosali macho wazi

Saa kumi na moja alfajiri, taa ya sebuleni inawaka. Birika liko jikoni linaanza kuimba, na mama mwenye nyumba anajifuta mikono huku akiingia chumba cha watoto. Wavulana wake wawili anawaita kwa sauti. Binti yake, aliyelala kitanda cha dirishani, anamgusa bega, kisha anasubiri afumbue macho.

Muda si mrefu familia yote imekaa sebuleni. Makochi yamesukumwa ukutani. Wamekalia vigoda na mkeka, wakitazamana kama watu wanaotaka kucheza karata. Hakuna aliyeinamisha kichwa, wala aliyeshika mkono wa mwenzake.

"Haya, tunasali," anasema mama, na mikono yake inasema hivyohivyo.

Mwandishi wa makala hii anafumba macho kwa mazoea. Mara anaguswa goti. Ni yule binti, mwenye umri wa miaka nane, anamtikisia kidole na kumwonyesha macho yake mwenyewe. Wavulana wanacheka.

"Amekwambia ufungue," anafafanua mama. "Hapa kwetu ukifumba macho, umetoka kwenye ibada."

Majirani wanamwita Mama Kengele. Jina hilo alilipata kwenye kwaya ya kanisani, ambako sauti yake ilikuwa inafika mlangoni kabla ya spika. Ni mama wa nyumbani. Zamani alikuwa keshia katika duka la vifaa vya ujenzi, lakini aliacha kazi binti yake alipougua homa kali akiwa na miaka mitatu. Mtoto alipona, ila masikio hayakurudi.

"Nilikuwa naamsha mtaa mzima kwa nyimbo asubuhi," anasema. "Mtaa mzima, isipokuwa mtu mmoja ndani ya nyumba yangu."

Ibada ya asubuhi aliirithi kwa mama yake mzazi. Kabla ya chai, watu wote magoti chini, macho yamefumbwa, mkubwa anaomba mpaka aseme amina. Alipoolewa na fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, akaanza hivyohivyo kwake. Kazi ya mume wake ni ya kubahatisha. Kuna wiki anatengeneza geti zima, kuna wiki anaunga miguu ya viti tu. Mama Kengele anasema bila hiyo sala asingejua aanzie wapi siku yake.

Binti naye alipigishwa magoti kama wenzake. Akichungulia, anaambiwa kwa ishara afumbe. Akijitikisa, anafinywa kidogo.

"Nilidhani namlea katika njia ya Bwana," anasema mama. "Kumbe namfungia mlango."

Alilijua hilo asubuhi moja akiwa anaosha vyombo. Alimwona binti yake amepanga vikombe vya plastiki mstari sakafuni. Mtoto akapiga magoti mbele yavyo, akafumba macho, akaanza kuchezesha midomo bila sauti. Akachezesha, akachezesha. Halafu akafumbua jicho moja, akakifinya kikombe cha mwisho kwenye kishikio chake.

Mama aliangua kicheko. Kisha akachutama, akamuuliza kwa alama chache alizozijua, "Unafanya nini?"

Mtoto akajibu kwa alama moja: "Nangoja."

"Kicheko kikanikauka," anakumbuka. "Yaani kwake hiyo ndiyo sala. Watu wanafumba macho, midomo inacheza, na yeye anangoja tumalize ili apewe chai. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia kwamba tunaongea na Mungu. Na mimi, hata alama ya Mungu sikuwa nayo. Nilikuwa na alama za jikoni: kula, oga, lala, njoo."

Siku hiyohiyo, alipompeleka binti shule ya watoto viziwi, hakurudi nyumbani. Alimsubiri mwalimu wa darasa mpaka mapumziko. Mwalimu huyo, mwanamke mpole ambaye naye ni kiziwi, alimsikiliza kwa macho, akisoma midomo yake, akamuuliza kwa kuandika kwenye kiganja cha mkono: unataka kuanza na neno gani?

Mama Kengele akasema: asante.

Tangu hapo akawa anafika mapema kumchukua mtoto ili ajifunze. Akipiga pasi, alikuwa akijitazama kwenye kioo na kurudia alama. Shati moja la mume wake liliungua mgongoni kwa sababu ya neno "neema".

"Nikamwambia baba watoto, samahani, ni kazi ya injili hiyo," anasema na kucheka mpaka machozi.

Baba watoto hakucheka. Si kwa ajili ya shati. Kilichomkera ni kuambiwa kwamba sasa watasali wakitazamana.

"Mimi nimelelewa hivi, ukiongea na Mungu unainama," anaeleza fundi huyo, mtu wa maneno machache. "Nikamwambia mama watoto, baba yangu angetukuta hivi tungekula bakora wote. Nikawa nakaa kwenye kochi, nimefumba macho yangu. Wao waendelee na mambo yao."

Mama mkwe, mama wa fundi, naye alipokuja kukaa nao kwa muda alisimama mlangoni na kanga ya usiku begani, akawatazama, akauliza, "Wanangu, mnasali au mnapiga soga?"

"Vyote viwili, mama," alijibu mkwe wake. "Karibu kigoda."

Ibada zenyewe zilikuwa fupi. Alama za mama zilitosha mstari mmoja tu wa Biblia, wakati mwingine hata nusu. Kisa cha kondoo aliyepotea kiliwachukua wiki nzima, na ilibidi kitindamimba awe kondoo, ajifiche nyuma ya pazia. Binti ndiye aliyekuwa mchungaji. Alipomkuta kondoo wake, hakutaka kumwachia mpaka saa ya shule ikafika.

Asubuhi iliyobadilisha nyumba ilikuja baada ya hapo. Mama alimaliza kusali, akamuuliza binti kama naye ana la kumwambia Mungu. Mtoto alikaa wima. Mikono yake ikaanza, taratibu, na mama akawa anatafsiri kwa sauti.

"Asante Mungu kwa mkate. Asante kwa mbwa wa jirani. Asante kwa bibi." Hapo mama mkwe akatabasamu. "Mungu, jicho la baba linauma. Usiku analishika. Anatoa machozi. Hasemi. Mwambie aseme."

Kwenye kochi, fundi alifumbua macho. Jicho la kushoto lilikuwa jekundu kama pilipili.

"Baba watoto," mama aliuliza, "ni kweli?"

"Ni vumbi tu."

"La tangu lini?"

Mama mzazi wa fundi akamjibia: "Mwanangu, vaa viatu."

Ukweli ni kwamba miwani yake ya kazi ilikuwa imepasuka, na alikuwa akichomelea huku amekunja uso tu. Cheche moja ilimwingia. Alijua akienda hospitali siku ya kazi itapotea, na kulikuwa na geti la mteja mwenye haraka. Akawa anaosha jicho kwa maji uani, kwenye mwanga wa mbalamwezi, watu wakishalala. Hakujua kwamba dirishani kuna anayemtazama.

Daktari wa macho alitoa chembe ya chuma, na kidonda kilikuwa kimeanza kuvimba. Alimwambia kwamba angechelewa kidogo zaidi, wasingekuwa wanaongea habari ya dawa ya matone tena.

"Mimi na mama mkwe tulikuwa mle ndani, hakuna aliyeona," anasema Mama Kengele. "Mimi mkewe nalala naye kitanda kimoja! Namshukuru Mungu kwa jicho. Lakini namshukuru zaidi kwamba alituambia kupitia mtoto yule niliyekuwa namwambia afumbe macho."

Fundi alirudi na bandeji. Kesho yake alfajiri alivuta kigoda, akaketi kati ya binti yake na mama yake.

Leo yeye ndiye anayehangaika zaidi kujifunza. Vidole vyake vimekomaa kwa chuma, havikunjiki vizuri. Siku moja alitaka kumwombea mama yake afya njema, akakosea kidole, ikawa amemwomba Mungu ampike bibi. Watoto walibiringika sakafuni. Bibi alipoelezwa alisema yeye ni mgumu, hataiva upesi.

"Zamani nilikuwa namjua mwanangu kwa chakula na ada," anasema fundi. "Sasa najua anachofikiria. Kila asubuhi ananiambia, anamwambia Mungu, na mimi nipo hapohapo nasikia."

Ibada imekwisha. Chai inamiminwa, mkate unakatwa, kaka mkubwa anatafuta soksi. Shuleni binti huyu anaitwa Chiriku, kwa sababu mikono yake haitulii, na hata sasa anasimulia jambo refu huku kipande cha mkate kikining'inia mdomoni.

Mama Kengele ana mpango. Mchungaji wao amekubali kumpa chumba cha nyuma ya kanisa siku za Jumamosi. Anataka kuwakusanya kina mama anaokutana nao kwenye geti la shule, na watoto wao, wajifunze pamoja. Mwalimu ameahidi kusaidia. Viti hawana bado, lakini fundi amesema vyuma vilivyobaki karakana vinatosha kuanzia.

"Wapo watoto wengine wanakaa ibadani tangu mwanzo mpaka mwisho, wanatazama midomo ya watu," anasema akimfunga binti yake kamba za viatu. "Natamani aje mtoto kama huyo, tumkaribishe, tumuulize anataka kumwambia Mungu nini. Na pale anapoanza kusema, kanisa zima liwe linamwelewa."