Barua kwa Mwalimu wa Baba

Gunia la mchele mpya likifunguliwa, kuna harufu inayotangulia mchele wenyewe: kamba kavu, vumbi la pumba, na kwa mbali sana kitu kama jani la rampe, lile la kunukishia wali, lililotiwa sufuriani. Jumamosi iliyopita niliingia katika duka la Wahindi huko Rockville, hapa Marekani, kununua kotmiri, kotmiri tu, nikakuta gunia limepasuka pembeni. Nikainama. Niliinama kwa muda usiomfaa mwanamke wa makamo mwenye shahada mbili na kiuno kibovu. Binti yangu, ambaye anafahamu Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, akaniambia kwa hicho Kiingereza chake kwamba watu wananitazama.

"Waache watazame," nikamjibu. "Namsalimia babu yako."

Sanduku la bati la Baba lilinuka hivyohivyo siku aliporudi kutoka India. Lakini hapo nimerukia mwisho, na katikati ya habari hii kuna aibu yangu, kwa hiyo acheni niifikie polepole.

Baba alikuwa bwana shamba Wete, kisiwani Pemba. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha kulima watu waliokuwa wakilima kabla yeye hajazaliwa, nao walimsikiliza kwa adabu mpaka akipinda kona, ndipo wakacheka. Nilipokuwa na miaka saba, serikali ilimpeleka India kwa miaka miwili kusomea mpunga katika chuo kikuu cha kilimo. Hayo ya kilimo hakuna aliyenieleza. Mimi niliambiwa tu, "Baba yuko chuoni."

Wasomaji wa bara mtaniwia radhi. Kwetu, mtoto akisikia chuo haoni majengo wala majoho. Anaona mkeke, msahafu, mwalimu, na bakora ya mwalimu. Nikaelewa kwamba baba yangu, mtu mzima mwenye masharubu, alitoroka chuo utotoni na sasa wamemkamata. Na kwa kuwa chuo chenyewe kiliitwa kikuu, nikakadiria na ukubwa wa bakora.

Nilikuwa napewa nafasi ya mistari miwili chini ya kila barua ya Mama. Nikamwuliza: Mwalimu wenu anapiga? Umefika juzuu ya ngapi? Baba hakunisahihisha. Alijibu kwamba mwalimu wao hapigi, anamtazama mtu tu kwa miwani iliyofungwa uzi, na hilo ni baya zaidi. Na kwamba yeye bado yuko kwenye alifu ya mpunga.

Kisha akaanza kunisimulia chuo chenyewe, kipande kwa kipande. Hapo zamani, aliandika, palikuwa bonde la matope na miba, na watu wa vijiji vya jirani hawakupita peke yao. Nchi ilikuwa imeonja njaa, na wakubwa wakaona haitoshi kumwombea mkulima mvua, lazima mpunga wake usomwe kama kitabu. Wakaja walimu wachache na mahema. Wanafunzi wa kwanza walifyeka asubuhi na kusoma mchana, na kisima walikichimba wenyewe. Baada ya hapo kila barua iliongeza jengo. Barua ya Ramadhani ilijenga jengo la udongo. Iliyofuata ikajenga la ng'ombe, lenye milango mipana kuliko ya walimu. Ikaja ya jengo la wadudu, nami nikawahurumia sana, maana sikujua kwamba hata wadudu hupelekwa chuo. Mara moja kwa mwaka, aliandika, milango yote hufunguliwa na wakulima huja na magari ya ng'ombe, mke, watoto na vyungu vya chakula, kuchukua mbegu mpya na kubishana na walimu. Hiyo ndiyo siku aliyoipenda kuliko zote. Nadhani alifurahi kuona mahali ambapo mkulima humcheka bwana shamba usoni.

Alinunua baiskeli na redio, akaniahidi kunipakia mbele kwenye hiyo baiskeli siku nitakapokwenda kumtembelea.

Yote hayo yalikuwa mazuri, ila kulikuwa na jambo moja ambalo sikumwambia mtu. Barua za Baba zilisomwa na Mama. Mwaka mmoja ulipopita, kila nilipojaribu kumsikia Baba kichwani alisema kwa sauti ya Mama. Viatu vyake vilikuwa mlangoni, Mama akivifuta vumbi kila Ijumaa, lakini mwenye viatu alikuwa ameanza kunipotea. Nilitaka aje, hata kidogo, aseme jambo lolote, nipate kuikamata tena sauti yake.

Sasa, chuoni kwetu nilijua jinsi mtu anavyotolewa. Mzazi huandika kikaratasi, na sababu isiyokataliwa na mwalimu yeyote ni bibi mgonjwa. Mwenzangu mmoja alikuwa na bibi aliyeugua kila msimu wa maembe.

Kazi ya kufunga bahasha ilikuwa yangu. Gundi tulitumia wali: punje tano sita za wali wa jana, unazisaga kwa kidole, unapaka. Siku hiyo, kabla sijapaka, nilitia ndani karatasi yangu ya penseli:

*Kwa Mwalimu wa Baba. Asalaam alaykum. Naomba umruhusu Baba aje nyumbani siku tatu. Mama yake anaumwa sana. Hali, hanywi. Akirudi atasoma kwa bidii. Usimpige. Ni mimi mtoto wake, Biubwa.*

Nikafunga kwa wali mwingi kuliko kawaida.

Wiki nyingi zikapita. Alasiri moja Bibi, mama yake Baba, alikuwa ukumbini anasuka ukili wa mkeke, mimi namshikia miyaa, mlango ukajaa mtu. Bibi akatupa ukili chini.

"Yarabi! Nani kafa?"

"Nimeambiwa wewe," akasema Baba.

"Mimi?" Bibi akasimama, mikono kiunoni. "Nife, hizo karafuu zangu zichumwe na nani? Mtu gani kanizulia?"

Nilikuwa nimeshafika nyuma ya mtungi wa maji. Baba alinitazama huko niliko, akamgeukia mama yake, akasema, "Barua ilikosea njia, Mama. Ilikuwa ya watu wengine." Kisha akacheka, na ile sauti ikarudi mahali pake, nene, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni. Sikujali tena kama nitapigwa.

Sikupigwa. Usiku ule nilimwomba anioneshe miguu, nione alama za bakora. Akakunja suruali kwa uzito wote wa jambo lile. Kulikuwa na kovu moja juu ya kifundo. "Hili la mundu," akasema. "Mwalimu hajanigusa. Barua yako nilimsomea neno kwa neno. Akasema, 'Nenda, lakini ndege hawaombi ruhusa.'"

Nikaona ni mwalimu mwenye busara ingawa hakueleweka. Baba alikaa siku kumi. Mama aliimba jikoni siku zote kumi, na viatu vya mlangoni vikachafuka kwa matope, kama viatu vinavyotakiwa kuwa. Kisha akaondoka, na mimi nikajiona mtoto hodari kuliko wote Pemba.

Mdogo wangu Hamadi alizaliwa kabla siku hizo kumi hazijatimiza mwaka. Hesabu mtapiga wenyewe.

Miaka miwili ya Baba ikawa mitatu. Tuliambiwa masomo yameongezeka, na mimi nikaamini, kwa sababu juzuu ni nyingi. Aliporudi na lile sanduku, Hamadi alikuwa anatembea, akamkimbia akilia, akidhani ni mgeni. Baba akakaa chini sakafuni, hakumfuata. Alifungua sanduku taratibu, akatoa vifuko vya mbegu kimoja kimoja, mpaka mtoto akasogea mwenyewe kuja kunusa.

Nilipokuwa mkubwa ndipo aliponieleza habari za ndege, kwa ufupi, tukiwa tunakula. Vishamba vyake vya majaribio vilikuwa vinatia maziwa, punje bado laini, wakati alipoondoka, na mpunga wa wakati huo hulindwa na ndege tangu alfajiri. Mwenzake alilinda siku nne. Ya tano alikuwa na mtihani. Baba aliporudi alikuta mabua. Mpunga ule hupandwa mara moja kwa mwaka, basi akasubiri mvua nyingine na kuanza upya. "Kwa hiyo uongo wangu ulikugharimu mwaka mzima," nikamwambia. Akanisogezea samaki. Nikaichukua hatia hiyo, nikahama nayo hadi Marekani, na kwa miaka mingi nimeisimulia kwenye karamu kama kichekesho.

Baba alipofariki nilikuwa hapa Bladensburg. Nilijiambia kazi hainiruhusu, nikafuata maziko yake kwenye simu, picha ikikatika kila walipofika karibu na kaburi. Mwaka uliofuata Hamadi alinitumia barua alizokuwa amezihifadhi Baba, katika boksi. Ile yangu ya penseli ilikuwamo, na punje ya wali iliyokauka bado imeganda pembeni. Ilikuwa imekunjwa pamoja na barua ya Mama, maana, kama mnavyokumbuka, bahasha ilikuwa moja. Mama alikuwa ameandika: *Sote wazima. Mama yako mzima kuliko sisi, juzi alikwenda harusini Konde akacheza mpaka akakata kiatu.*

Nilikaa chini kama Baba alivyokaa siku ile. Alikuwa na barua mbili mkononi, moja ya mtu mzima, moja ya penseli, akachagua ya kuiamini. Akauza baiskeli na redio apate nauli, nadhani, maana barua zilizofuata hazivitaji tena, akawaachia ndege mpunga wake.

Nimeutafuta ukurasa wa historia ya chuo kile kwenye kompyuta. Mahema yametajwa, na bonde la miba, na majengo sasa ni mengi kuliko yale tuliyojengewa kwa barua. Hakuna mstari unaosema kwamba msimu mmoja ndege walikula vishamba vya mwanafunzi kutoka Pemba kwa sababu alitaka kwenda kwao.

Jumamosi hiyohiyo ya gunia, nilipotoka dukani, nilikuta Hamadi ameniachia ujumbe wa sauti. "Dada," anasema, kwa sauti nene yenye mkwaruzo mwishoni, "Mama hajambo kidogo tu. Hali, hanywi. Fanya uje." Na nyuma yake, waziwazi, Mama anapiga kelele uani: "Mwite huyo wa vitunguu arudi! Nusu vimeoza! Kaniona mie mjinga?"

Niliusikiliza mara mbili, mara moja kwa ajili ya Hamadi, mara moja kwa ajili ya Mama.

Jumatatu nikaingia kwa mkuu wangu wa kazi, nikasimama mikono mbele kama tulivyofundishwa chuoni, nikamwambia mama yangu ni mgonjwa, naomba siku kumi.

Akaniuliza kama anaumwa sana.

"Sana," nikasema. "Hali, hanywi."