Mwenye Tumbo Amesemaje?

Vuta kiti, mwanangu, ukae. Hiyo karatasi iweke mezani kwanza, haina miguu ya kukimbia. Kidonda changu kimekaa miezi mitatu, nusu saa nyingine haitakizidisha. Kuna siku moja naikumbuka kuliko siku zote za unesi wangu, nami nataka uisikie kabla hujafungua hiyo kalamu.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, watu wamehamishiwa vijijini, shamba la kijiji linalimwa kwa zamu. Mimi Robi nilikuwa nesi mpya, kofia imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na kiburi nacho kimesimama hivyo hivyo. Hospitali ilikuwa ndogo, upande wa Serengeti, jina sitalitaja kwa sababu kosa ninalolisimulia ni langu. Daktari alikuwa mmoja tu, mtu wa Bukoba, mwenye mikono mizuri sana. Kikurya chake kiliishia kwenye salamu, na hata hiyo watoto walikuwa wanamcheka. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake na masikio yake kwa wagonjwa wasiojua Kiswahili.

Asubuhi moja ya masika likaingia gari la ng'ombe kutoka upande wa Busawe. Ndani amelala binti anaitwa Ghati, uchungu umeingia siku ya pili. Pembeni yake yuko bibi kizee, Wankuru, na blanketi begani na kibuyu cha uji mapajani. Daktari akampima Ghati, akanawa mikono, akasema, "Nesi, mtoto hapiti. Tupasue leo hii. Mume yuko wapi aje atie saini?"

Ndivyo tulivyofanya kazi wakati ule, mwanangu. Mwanamke alipasuliwa kwa saini ya mume, na hakuna aliyeona ajabu.

Sasa, mume wa Ghati alikuwa pale pale barazani, ameshika kibuyu cha uji. Mume wake alikuwa Bibi Wankuru. Wewe umezaliwa mbali, usikunje uso. Kwetu Wakurya mambo hayo yapo, tunaita nyumba ntobhu. Mama ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume hutoa ng'ombe wa mahari, akamwoa msichana, na watoto atakaowazaa msichana huyo huwa wa nyumba ya yule mama, waje kurithi mji, yaani boma lake, usizimike. Wankuru alikuwa mjane. Mji wake wote ulikuwa unasubiri kilichokuwa tumboni mwa Ghati.

Nililijua hilo nilipomwona tu. Lakini nilimtazama yule daktari msomi, nikaona haya. Nilifikiri, huyu akisikia kwetu bibi anaoa binti, atatuona watu wa porini, na mimi mmojawapo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha uchi wangu, akakosa kuzaa mwenzangu. Nikamjibu, "Mume yuko shambani, Dakta. Nitamwita."

Basi nikamtuma mhudumu wa wodi kwa baiskeli, aende akamlete Marwa, mtoto wa ndugu wa marehemu mume wa Wankuru. Nilijiambia, mwanamume wa ukoo ni mwanamume wa ukoo, ataweka dole gumba, mambo yataisha. Njia ilikuwa tope tupu. Wankuru aliinuka barazani akaniuliza kuna nini. Nikamwambia, "Bibi, subiri hapo nje, mambo ya hospitali haya." Akakaa.

Ngoja nikuambie linaloniuma zaidi, maana hayo mengine hata leo ningeweza kuyatafutia sababu.

Ghati alikuwa na akili zake timamu. Alinishika mkono akaniambia kwa Kikurya, "Nesi, nipasueni. Nimekubali. Mtoto amechoka, nasikia hachezi kama jana." Nilimjibu, "Nyamaza, mama, subiri wenye mji." Akarudia. Daktari akageuka. "Anasema nini?" Na mimi, mwanangu, mdomo wake na masikio yake, nikasema, "Anasema anaumwa, Dakta."

Loo! Sikuwa na roho mbaya. Niliamini tu kwamba mwanamke aliye katika uchungu haongei, analia. Maneno yake niliyasikia yote na sikuyahesabu kuwa maneno.

Marwa akafika jua limeshapinda, suruali imejaa tope mpaka magotini. Nikamwekea fomu na kidau cha wino. Akarudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. "Mimi niweke dole? Dada, unataka kunigombanisha na ukoo? Huyu si mke wangu. Mwenye mji umemkalisha barazani tangu asubuhi, na mimi nimeitwa toka shambani!" Daktari alinitazama. Alikwenda mwenyewe mlangoni akamwita bibi kwa mkono.

Wankuru akaingia. Nikamweleza haraka haraka, sasa bila haya, kwamba binti apasuliwe na yeye ndiye wa kutia kidole. Kidole chake nikakichovya kwenye wino mimi mwenyewe. Akakizuia juu ya karatasi. Akaniuliza, "Mwenye tumbo amesemaje?"

Shule nimesoma, cheti ninacho, na bibi asiyejua kushika kalamu ameniuliza swali la kwanza kabisa la kazi yangu, nami nimelikosa. Akamwendea Ghati, akainama. "Mwanangu, wanataka kukupasua. Wewe unasemaje?"

Ghati alijibu kwa sauti ndogo, lakini wote tulisikia. "Mama, nimesema tangu asubuhi."

Bibi akaweka kidole kwenye fomu, akanipa karatasi. Hakunitukana. Alisema tu, "Wewe binti, una masikio mazuri, yatumie." Heri angenipiga na fimbo.

Daktari alifanya kazi yake vizuri. Mtoto alikuwa wa kiume, na alikuwa ameshakufa. Mfuko wa uzazi ulikuwa umepasuka, ikabidi autoe ili mama apone. Ghati akapona, lakini hakuzaa tena. Saa zile za kumsubiri Marwa ndizo zilizomuua yule mtoto, nami ndiye niliyezitoa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Watu wa ukoo walikuja wakamshauri Wankuru amrudishe binti kwao, adai ng'ombe wake. Bibi akawajibu mbele yangu wodini, "Nilioa mtu. Sikuoa tumbo." Wakaondoka na kofia zao. Walikaa pamoja wale wawili mpaka bibi akafa, na Ghati ndiye aliyemfumba macho.

Mimi sikumwambia daktari ukweli wa yale maneno niliyomtafsiria. Alipohamishwa nilimsindikiza mpaka kwenye basi la Musoma, nikashindwa kufungua mdomo. Ghati mwenyewe nilimwomba radhi, miaka baadaye, mnadani Mugumu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Siku ile ungenisikiliza hivi hivi." Akanunua chumvi yake akaenda. Nilikaa chini pale pale nikalia, watu wakinipita.

Ndipo nilipobadilika. Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa niliyemgusa kabla sijamwuliza yeye. Wenzangu walinicheka, wakaniita Nesi Maswali. Wacha wacheke. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na anayejua uzito wa kitanda ni anayekilalia.

Sasa tuje kwetu, mimi na wewe. Jana asubuhi ulisimama hapo ulipo, ukamweleza mwanangu Chacha kwamba mguu wa mama ukatwe chini ya goti. Ulieleza vizuri, nilisikia kila neno. Ukamwuliza kama anakubali. Chacha akalia, mtu mzima mwenye watoto, akasema mpaka awapigie simu ndugu zake. Na mimi nipo hapa, macho yamefunguka, mguu ni wangu. Nilisema, "Dakta." Ukaniambia, "Pumzika bibi, tunazungumza na familia." Nilikasirika, sikufichi. Kisha nikajiona mimi, na kofia yangu iliyosimama, na hasira ikaisha.

Nasikia siku hizi sheria imeandikwa wazi, mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayetia saini ya mwili wake. Vizuri sana. Lakini fomu haina masikio, mwanangu, masikio unayo wewe. Usione haya kwa mila za watu ukazificha mbele ya wakubwa. Ukiwa mkalimani, fikisha neno kama lilivyotoka. Ndugu waheshimu, uwaite, uwasikilize, maana ndio watakaoniogesha na kunibeba. Ila anza na aliyelala kitandani, hata akiwa mzee, hata akiwa analia. Na akikuambia hapana, umsikilize vile vile.

Mungu akupe mkono mwepesi na moyo usiochoka. Akupe kuzeeka, na ukizeeka, wakuulize. Wagonjwa wako waondoke kwa miguu yao, na asiyeweza aondoke na heshima yake.

Haya, ilete hiyo karatasi. Na Chacha aingie, asimame hapa kwangu. Jibu langu ni ndiyo, nimelifikiria usiku kucha. Lakini kwanza uniulize mimi.