Teresa Haachi Neno Njiani

Nianze kwa kukiri: mimi ndiye niliyemwita Teresa msaliti, tena kwa kipaza sauti, mbele ya soko zima la Shinyalu. Kwa hiyo ukinisikia nikimsifu, usidhani ni sifa za bure. Zimenigharimu.

Jina langu ni Shikanga. Nauza mbegu na dawa za ng'ombe karibu na stendi ya bodaboda, na wakati wa mambo haya nilikuwa katibu wa chama cha Kinu katika wadi yetu. Hasira zangu zinajulikana. Mke wangu husema nilizaliwa maji yakichemka. Teresa, mama Willis, ni mtu wa aina nyingine kabisa. Ana robo eka ya majani chai. Siku za kazi anapita nyumba kwa nyumba na mkoba wa kupima presha, maana ni mhudumu wa afya ya jamii, na Jumapili ndiye mkalimani wa kanisa letu. Wazee wetu Kiswahili cha sokoni wanakijua vizuri, lakini mahubiri na siasa wanataka kuyasikia kwa Kiisukha, lugha waliyonyonya. Mhubiri akija kutoka Nakuru au Machakos, Teresa husimama kando yake. Mhubiri akinong'ona, naye ananong'ona. Akipiga magoti, naye chini. Kuna mwaka mgeni mmoja alizidiwa na Roho akaanguka chali, na kanisa zima likageuka kumtazama Teresa tuone atafanyaje.

Sasa chama cha Kinu kilikuwa na watu wawili waliotaka kupeperusha bendera yake ya urais. Wa kwanza alikuwa wakili Nanjala kutoka Bungoma. Watu wake walijiita wanamageuzi: walitaka kila zahanati ipate chumba cha kujifungulia mwaka wa kwanza, shule iwe bure mpaka chuo, na matajiri watozwe kodi ya kueleweka. Wa pili alikuwa mhandisi Kipruto. Hao wake walijiita watu wa katikati. Walisema tusiwatishe wenye mali, tushikane mikono na vyama vingine, tujenge kwa hatua. Vijana wa bodaboda hawana subira ya majina marefu, wakawabatiza Chapchap na Mdogomdogo, na majina hayo ndiyo yaliyoshika.

Mimi nilikuwa Chapchap wa kufa na kupona. Teresa naye alikuwa Chapchap, na sababu yake hakuna asiyeijua. Dada yake mdogo, Dinah, alishikwa na uchungu nyumbani, akabebwa kwa pikipiki kupelekwa Kakamega, akafariki kabla ya kufika, yeye na mtoto. Zahanati yetu hadi leo ina benchi na mizani ya watoto. Chumba cha kujifungulia hakuna. Kura hii kwa Teresa ilikuwa chumba hicho.

Wadi yetu ilipangiwa kupiga kura kwa mlolongo. Unasimama nyuma ya picha ya mtu wako, mchana kweupe, shemeji yako na mwenye duka anayekukopesha sukari wakikuona, kisha mnahesabiwa. Atakayeshinda anachukua wajumbe wote wa wadi. Mambo yakawa moto. Tulifikia mahali pa kuuliza bwana harusi ni wa upande gani kabla ya kuchanga. Kamati ya wadi iligombana juu ya kila kitu, hata juu ya viti, ila ilikubaliana jambo moja: wagombea wote wawili watatafsiriwa na Teresa.

Kipruto alikuja Alhamisi. Asubuhi hiyo nilimvizia Teresa nje ya duka langu.

"Mama Willis, huyo mtu ana mdomo tamu," nikamwambia. "Akisema kitu ya kuingia watu, wewe punguza kidogo. Hakuna mtu atajua."

Akaniangalia. "Baba Cindy, mtu akikuja kununua mbegu ya mahindi, wewe unamchanganyianga na ya mwaka jana?"

"Haiwezekani!"

"Sasa mbona mimi unataka nichanganye?"

Akaenda zake. Nilijiambia anatania, na kwamba damu ni nzito kuliko kipaza sauti.

Kipruto alipanda jukwaani, akasema mambo yake kwa upole, halafu akafika kwenye zahanati. "Chumba cha kujifungulia bila muuguzi ni nyumba ya popo," akasema. "Mimi nitaleta muuguzi kwanza. Chumba kitafuata baadaye." Sote tuliokuwa karibu tulijua neno hilo "baadaye" lina uzito gani kifuani mwake. Nikangoja alilegeze. Akalitoa zima, kwa Kiisukha kilichonyooka, popo na muuguzi na baadaye, kwa nguvu ile ile ya Kipruto, hata Kukhu Ayuma, nyanya anayeongoza benchi zima la akina nyanya kanisani, akaitikia "Eee!" kwa sauti. Nilitamani kutafuna kofia yangu.

Jumamosi ikawa zamu yetu. Nanjala ana moto, huo siwezi kuusahau. Kibukusu chake na Kiisukha chetu ni ndugu wasioelewana vizuri, kwa hiyo naye alizungumza Kiswahili, na Teresa akawa anamfuata. Watu walikuwa wetu. Hata baadhi ya Mdogomdogo walikuwa wanatikisa vichwa kwa kukubali. Ndipo mzee Cornelius, mstaafu wa kiwanda cha sukari na mwenyekiti wa Mdogomdogo, akainua mkono kwa adabu.

"Mama, hizi yote kwa mwaka moja itawezekana kweli? Si twende tu mdogomdogo?"

Sijui ni uchovu, maana huo ulikuwa mkutano wake wa tatu siku hiyo, au ni lile neno lililomchoma. Nanjala alimgeukia mzee wa watu akasema: "Nyinyi wazee kazi yenu ni kungoja. Mlingoja mkoloni aondoke, mkangoja lami, sasa mnangoja jeneza. Haya, ngojeni majeneza yenu, lakini msiwazibie vijana njia!"

Vijana wakapiga mbinja. Wazee hawakuwa wameshika vizuri, walikuwa wanamtazama Teresa. Kumtajia mzee jeneza lake akiwa hai, kwetu, si jambo la mchezo. Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma ya Teresa. "Acha hiyo," nikamnong'oneza. "Mama Willis, tafadhali, acha hiyo!"

Alishusha kipaza sauti. Nilidhani nimempata. Kisha akakiinua tena akatafsiri, mkoloni, lami, mpaka majeneza.

Kukhu Ayuma aliinuka. Akachukua kigoda chake akaondoka, na benchi lake lote likamfuata, na wazee wanaume nyuma yao. Hapo ndipo maji yangu yalipochemka. Nikampokonya Teresa kipaza sauti nikatangaza kwamba ni msaliti, kwamba Mdogomdogo wamemnunua, na kwamba kuanzia leo hatawatafsiria tena Chapchap. Alikunja leso yake akaenda nyumbani kwa miguu.

Nanjala alikula kwangu jioni hiyo. Mke wangu alikuwa amechinja ingokho, kuku wa mgeni, akasonga obusuma, ugali wa wimbi, mgeni akae vizuri. Nilimweleza kwa majivuno jinsi nilivyomfukuza mkalimani. Nilitarajia asante.

"Nilisema hivyo?" akauliza. "Majeneza?"

"Mheshimiwa, ilikuwa hasira tu."

"Na yeye alitafsiri sawasawa?"

"Kila neno! Hiyo ndiyo shida yake."

Akasukuma sahani. Akasema kesho watu wakitoka kanisani anataka kurudi uwanjani kuwaomba wazee msamaha. Nikaona ni akili. Nikampigia simu mpwa wangu Tyson, mwanafunzi wa chuo anayepanga chumba Shirere, aje awe mkalimani. Tyson ni kijana mzuri, lakini Kiisukha chake anakiongea kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Wazee walikuja Jumapili kwa sababu ya udadisi. Nanjala alisema sentensi moja, Tyson akafungua mdomo, na Kukhu Ayuma akainua fimbo.

"Teresa iko wapi?" akauliza kwa Kiswahili, ili mgeni amsikie mwenyewe. "Yeye ndio alituletea matusi. Yeye ndio atatuletea hiyo msamaha. Huyu kijana ametumwa na Shikanga, atatuambia yenye Shikanga anapenda."

Umati ukacheka. Nanjala akanigeukia, nami nikajua safari ya kwenda kwa Teresa ni ya nani.

Nilimkuta nje ya jikoni akichambua mrenda. Hakuniambia karibu, lakini alinisogezea kigoda kwa mguu. Nikatoa yote: kwamba nilikosa, kwamba wazee wanamtaka, kwamba bila yeye tumekwisha. Alichambua majani machache kabla ya kusema.

"Unajua Dinah alikufa namna gani?"

"Kila mtu anajua. Hakukuwa na chumba."

"Chumba hakikuwa, ni kweli. Lakini wiki mbili kabla, daktari alituita kando, mimi na mama mkwe wake, Dinah amebaki nje. Mama mkwe hakuwa anaelewa Kiswahili ya daktari, mimi nikawa natafsiri. Daktari akasema mtoto amelala vibaya, Dinah asingoje uchungu nyumbani, aende Kakamega mapema akae huko. Nikaangalia ule mama, nikaona anatetemeka. Nikamwonea huruma." Akaacha mboga. "Nikamwambia daktari amesema Dinah apumzike, asibebe maji. Nikapunguza, Baba Cindy. Kidogo tu, vile wewe uliniomba. Na yeye akamuweka nyumbani apumzike."

Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimtaja Dinah katika mikutano yetu, napandisha sauti, na dada yake amesimama kando yangu na jambo hilo moyoni.

"Nitakuja," akasema. "Lakini utasema mbele yao kitu uliniomba."

Tulirudi kwa pikipiki moja. Nanjala aliomba msamaha, na sitasema ulikuwa mrefu, lakini alimtazama mzee Cornelius usoni, na Teresa akaupeleka kwa Kiisukha ulivyo, bila kuutia sukari. Wazee wakasikiliza. Mzee Cornelius akaitikia kwa kichwa. Kisha ikawa zamu yangu. Kiisukha ni lugha ya mama yangu, lakini aibu ilinifanya nijifiche kwenye Kiswahili. Nikasema nilimtaka Teresa apunguze maneno ya Kipruto, kwamba nilimtaka aache ya Nanjala, kwamba nilimsingizia kununuliwa. Nikadhani nimemaliza salama. Teresa akainua kipaza sauti, akanitafsiri mimi, mwana wa kijiji, kwa watu walioniona nikitambaa. Hakuacha hata nukta. Walicheka mpaka Kukhu Ayuma akapanguza macho. Sijawahi kudhalilishwa kwa ufasaha namna ile, na nilicheka nao.

Jumanne tulipanga mlolongo uwanja wa soko. Wetu ulianza mfupi, ukarefuka. Benchi la akina nyanya liligawanyika. Wengine walikuja kwetu, maana walisema mtu anayeomba msamaha anaweza kufundishwa. Wengine walimpenda Kipruto na muuguzi wake. Kukhu Ayuma alisimama katikati ya uwanja kwa muda mrefu akitazama huku na huku, kisha akaenda taratibu akasimama nyuma ya picha ya Kipruto. Alisema amemsamehe yule mama, lakini jeneza lake ameshalisikia. Wanne wakamfuata. Teresa alikuwa wa tatu katika mlolongo wetu, leso kichwani, akitazama mbele.

Karani alihesabu mara mbili akasoma kwa Kiswahili. Nanjala mia mbili na kumi na moja. Kipruto mia mbili na kumi na saba.

Nilimkuta Teresa ameketi kwenye jiwe nyuma ya choo cha soko. Alikuwa analia wazi, bila kufunika uso. Chumba kilikuwa kimeondoka, na wote wawili tulijua. Na mimi, kwa sababu Mungu aliniumba hivi, nikasema lile ambalo sikupaswa kulisema.

"Mama Willis, ungeacha lile neno moja tu la majeneza, tungeshinda."

"Najua," akasema. "Nilijua palepale, kabla sijalisema."

Niliketi chini karibu naye. Kutoka uwanjani tukasikia wazee wanaita jina lake, wa milolongo yote miwili. Karani alikuwa ameshamaliza kazi, lakini walikataa kutawanyika. Walisema hawajasikia hesabu mpaka waisikie kwake.

Teresa akajipangusa uso kwa leso, akainuka akaenda. Alipewa kipaza sauti. Akataja hesabu yetu kwa Kiisukha, akataja yao, kisha akasema kwa sauti ya kufika mpaka barabarani kwamba Chapchap wameshindwa, na wameshindwa kwa watu sita.