Rekodi ya Mvua

Rekodi zetu hatuziiti kwa tarehe, maana hakuna anayezikumbuka tarehe. Tunaziita kwa kelele zilizomo. Kuna Ya Jenereta, inayonguruma chini ya wimbo tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna Ya Mtoto, ambapo mtoto analia na mtu anasikika akisema, "Mtoe nje huyo." Kuna Ya Chupa. Na kuna Ya Mvua, ambayo ndiyo iliyonitoa mtaani kwetu Ngarenaro Jumapili moja na gitaa la kuazima mgongoni, kama mtu anayekwenda kwenye usaili.

Bendi yenyewe haikuwahi kuingia studio. Walikuwa wanaume watatu waliopiga mwishoni mwa juma kwenye baa moja karibu na Makumira: gitaa, besi na dramu, na mwenye besi ndiye aliyeimba. Wimbo mmoja waliweza kuupiga nusu saa, na wiki inayofuata wakaupiga nusu saa nyingine isiyofanana kabisa na ile. Mhudumu wa kaunta alikuwa akiwarekodi kwa simu aliyoiweka juu ya friji. Rekodi zikatoka kwenye simu yake zikaingia kwenye kadi, kwenye kadi zikaingia kwenye flashi, na wakati huo mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Baadaye mpiga gitaa alihamia Mwanza, na wale wengine wawili wakarudi shambani. Rekodi ziliendelea kutembea zenyewe.

Mimi nilizikuta kwa fundi wa sofa. Karakana yake iko nyuma ya nyumba ninayokaa na shangazi. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi, naandika maombi ya kazi karibu na dirisha, na muziki wake unaingia bila kubisha. Siku ya kwanza nilitoka kwenda kumwomba apunguze sauti. Nilirudia sentensi yangu njiani mara kadhaa ili isisikike kama ya kuamuru. Sikuwahi kuisema.

"Umesikia pale?" aliniuliza kabla sijafungua mdomo, misumari midogo ikiwa imebanwa midomoni.

"Wapi?"

"Ngoja narudisha."

Pale ni katikati ya Ya Mvua. Ni wimbo wa mwanamume anayemsihi mkwe wake amfungulie mlango. Wanapofika kwenye chemko, pale mwendo unapokazwa na watu kuinuka kucheza, mvua inaanza kupiga bati. Gitaa linapanda juu, juu zaidi, kisha linanyamaza ghafla. Besi inabaki peke yake ikizunguka palepale, na mvua juu yake. Unadhani wimbo umekufa. Halafu gitaa linarudi, safari hii kwenye nyuzi za chini, polepole, kama mtu mwingine ndiye anayelipiga.

Fundi alikuwa na maelezo yake. "Anaipisha mvua. Mtu asiye na kiburi, mvua ikiongea anakaa kimya."

Wengine katika kundi letu la WhatsApp, la sisi tunaozipenda rekodi hizi, waliamini kwamba alipewa habari ya msiba akiwa jukwaani. Mimi niliyapima maelezo yote, nikatengeneza langu. Nilisikiliza kwa spika za masikioni hadi shangazi akaniuliza kama naumwa. Niligundua kwamba besi inazunguka mara nane kamili kabla gitaa halijarudi, na mara nane haiwezi kuwa bahati tu. Nikahitimisha kwamba alikuwa amepanga. Kwenye kwaya ya vijana kanisani nilikuwa nimejifunza gitaa kidogo, basi nikaanza kujifunza Ya Mvua, sauti baada ya sauti, pamoja na kimya chake. Hicho kimya nilikifanyia mazoezi zaidi ya kitu kingine chochote.

Siku moja fundi aliniita akicheka. Mzee wa dramu wa bendi ile alikuwa amekuja kuagiza sofa za meza kuu, za sendoff, sherehe ya kumuaga binti yake kabla ya harusi. Anataka bendi yake ipige siku hiyo, lakini mpiga gitaa hawezi kutoka Mwanza.

"Nimemwambia ninaye mtu," alisema fundi.

"Nani?"

"Wewe."

"Hukuniuliza!"

"Ningekuuliza, ungefikiria mpaka mtoto wa huyo binti aolewe."

Masharti yalikuwa mepesi kueleweka. Niende Jumapili nyumbani kwa mzee wa besi, wanisikilize. Wakiridhika, nipige nao Jumamosi. Wasiporidhika, wataita dijei na bendi haitasimama tena, kwani nani mwingine angezijua nyimbo zao? Nilitaka nafasi ile kuliko kazi zote nilizokuwa nimeomba, na jambo hilo lenyewe likanitisha.

Mzee wa besi anakaa mlimani juu ya Usa River, migombani na kwenye kahawa. Alinipokea akiwa na suruali ya suti ya ibada iliyochomekwa ndani ya gambuti. Mzee wa dramu alikuwa ameshafika kutoka Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima, na vumbi la huko bado liko kwenye kofia yake. Ngoma zake zilipangwa kwenye banda la kuhifadhia kahawa, lililotenganishwa na zizi kwa mbao tu.

"Shikamooni."

"Marahaba. Ndiye huyu?" mzee wa dramu alimuuliza mwenzake, kana kwamba mimi ni gunia lililoletwa. "Fundi hakusema ni binti."

"Ulimuuliza?"

"Nimuulize nini, nilijua wapiga gitaa wote wana ndevu."

Tulikula loshoro kwanza, mahindi na maziwa ya mgando yaliyopoa, nami nikawaza kama kula kidogo kutaonekana maringo na kula sana kutaonekana njaa. Kisha tukaanza wimbo wa mkwe.

Nilijua kila kitu. Vidole vilikwenda bila kuniuliza. Besi ile niliyoizoea kupitia vumbi la simu ya zamani ilikuwa sasa ndani ya mbavu zangu, na kwenye chemko nilipanda juu, juu zaidi, nikanyamaza.

Besi ikazunguka mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu mzee wa besi akaacha kupiga. Dramu nazo zikaacha.

"Umeme umekatika?" aliuliza mzee wa dramu.

"Hapana, taa inawaka."

"Binti, umechoka? Hata ng'ombe ameacha kutafuna, anakusubiri."

Nilisema, kwa sauti iliyozidi kuwa ndogo, kwamba hapo ndipo gitaa linaponyamaza. Mara nane.

"Nani alisema?"

"Iko kwenye rekodi."

"Rekodi gani?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hawakuwahi kuzisikia. Miaka yote ile tulikuwa tukibishana Ngarenaro kuhusu pumzi zao, na wao walikuwa wakipalilia mahindi. Nilitoa simu, tukaketi watatu juu ya magunia, nikawachezea Ya Mvua. Walisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa. Gitaa liliponyamaza, mzee wa besi akapasuka kicheko.

"Paa! Paa la ile baa! Lilikuwa linavuja juu ya spika yake. Amechomoa waya, anahamisha spika. Mimi nafanyaje? Nazunguka palepale nikimsubiri."

"Sivyo," alisema mzee wa dramu.

"Sivyo nini?"

"Alikasirika. Alisema nimekimbiza mwendo. Akaweka gitaa chini, akaenda kusimama mlangoni. Wewe ulimfuata kwa macho, ukamwita kwa besi. Ndiyo maana karudi mpole."

"Huo ni usiku mwingine, mzee mwenzangu. Usiku wa mvua ulikuwa wa paa."

"Mvua ilinyesha mara moja tu duniani?"

Wakarudisha. Wakasikiliza tena. Mzee wa besi akasema, sikia, hicho ni kishindo cha spika ikiwekwa chini. Mzee wa dramu akasema hicho ni kiti. Mimi nilisikia kishindo hicho kwa mara ya kwanza, mimi niliyedhani hakuna kitu mle ndani nisichokijua, na nikajikuta nimeinamia simu pamoja nao, nikiwa nimesahau kuaibika. Kweli kilikuwa kama kiti. Na kama spika. Tuliirudisha tena, na kila mmoja akazidi kuamini lake.

"Basi turudi kazini," alisema hatimaye mzee wa dramu. "Ila binti, usinipigie huyo wa kwenye simu. Unampiga kama marehemu, na mwenyewe yuko hai Mwanza anakula sato."

Tulianza upya. Alichagua mwendo wa polepole kuliko rekodi yoyote ninayoijua, nadhani makusudi. Baada ya muda mfupi nilipotea. Kila nilichokikumbuka kilifika mapema mno au kilichelewa. Nilifikiria kuomba radhi. Nilifikiria jinsi nitakavyomweleza fundi, na sura ya shangazi, na Jumamosi yenye dijei. Kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda, nilishika sauti mbili za chini na kuzirudia tu, mbili, mbili, kama mtu anayegonga mlango bila uhakika kama ni nyumba yenyewe.

Besi ikageuka. Sina namna nyingine ya kulisema. Ilikuwa inakwenda zake, ikageuka ikaja chini ya sauti zangu mbili, na dramu zikasogea kuipa nafasi. Mzee wa besi alianza kuimba ubeti ambao haumo katika rekodi yoyote, mkwe akijibu kutoka ndani kwamba kwanza anavaa viatu. Nilicheka nikiwa napiga, na sikupotea zaidi ya nilivyokuwa nimepotea tayari. Nilitaka tu kujua mkwe atasema nini baadaye.

Tulipomaliza, hakuna aliyenisifu. Mzee wa dramu alitoa simu yake ndogo na kumpigia mkewe.

"Mama, ongeza sahani moja upande wa bendi... Ndiyo, tunapiga... Hapana, siye yule, huyu ni mwanamke... Ndiyo, gitaa... Sasa mimi nitajuaje kama ana sare, mchukulie kitambaa cha rangi ile ile... Anajua, anajua. Mengine atajulia hapohapo."

Akakata. Akashika vijiti vyake, akaniangalia. "Tuanze na upi?"

Nilingoja mzee wa besi ajibu. Aliweka tu vidole kwenye nyuzi. Walikuwa wakinisubiri mimi.

"Sijui," nilisema.

"Vizuri. Anza."