Pete ya Bati la Mafuta

Mwaka 2012, mtu akitaka bledi ya msumeno wa mashine sokoni katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, muuzaji Semahoro alimuuliza kwanza: "Unapasua ao unakata?" Wa kupasua ubao kwa urefu alipewa yenye meno machache makubwa, wa kukata kwa upana yenye meno mengi. Hata namba ya mwendo iliyochapwa kwenye bledi aliisoma, mashine isiizidi. Kazi yake aliijua. Ndiyo maana kwa lile jambo la Mama Eugénie hakuwa na kisingizio.

Bledi yenyewe aliinunua mjini Mbarara kwa bei ya kutupa, kwani pete ya kupunguzia tundu lake, litoshe ekseli ya mashine, ilikuwa imepotea.

"Bila pete haikai, mzee," mwenye duka alimwambia.

"Wewe punguza bei. Ya kukaa nitajua mimi."

Nyumbani alikata ukanda wa bati kwenye mkebe wa mafuta ya mgao, bati ambalo kambi nzima ilitengenezea milango na vibatari. Akaukunja, akaupigilia ndani ya tundu, akamuuzia bledi hiyo Eugénie, mjane aliyerithi mashine ya mumewe na kupewa kazi ya mabenchi ya kanisa.

Jumamosi Eugénie akapita kibandani, kashika tumbo.

"Papa Semahoro, lame yako, hii bledi, haina ubaya. Ni mikono yangu. Marehemu alikuwa anasukuma mbao inaenda sawa. Miye inaruka, inanirudilia mu tumbo!" Akacheka. "Nitajifunza tu."

Angetukana, Semahoro angejua pa kumshika. Wateja wa matusi aliwazoea. Akafunga kibanda, akamfuata hadi kwenye karakana.

"Zima. Na waya uchomoe kwanza, usiguse bledi ikiwa na umeme."

Akafungua nati. Ukanda ukaanguka, umelika upande mmoja; ndiyo sababu bledi iliyumba na kurusha mbao. Eugénie akauokota, akaona rangi ya mkebe.

"Hii ni bati ya mafuta."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na mukono yangu, papa? Uliiuzisha pamoja na lame, ao ulinipa ile kama nyongeza?"

Semahoro akatazama maranda sakafuni. "Nitakuletea ingine, yenye tundu sawa."

"Apana. Nitaenda Mbarara miye mwenyewe, na lame ya zamani mu mukono, nipime tundu juu ya tundu. Wewe rudisha pesa."

Alirudisha, yote.

Jumapili mabenchi hayakuwa tayari, watu wakasali wamesimama. Mchungaji alipouliza, Eugénie alisema mashine ilikuwa na shida. Semahoro alikuwa nyuma yake, akingoja kutajwa. Hakumtaja, wala hakugeuka.