Boriti ya Tatu

Kagwe alikuwa seremala wa baraza la mji, pale Kitale, kwa miaka ishirini na sita, na zaidi ya nusu ya jasho lake liliishia kwenye jengo moja. Lilikuwa jengo la mbao la siku za walowezi, limesimama juu ya nguzo za mwerezi, paa lake la mabati mazito ambayo siku hizi hayapatikani. Wenyeji waliliita Nyumba ya Mbao. Hapo ndipo watu walipochukulia vyeti vya kuzaliwa na vya kufa, na hapo ndipo Kagwe mwenyewe alipomwoa Nyambu, mbele ya karani mwenye mafua aliyesahau jina la bibi harusi mara mbili.

Baba yake alikuwa ametoka Nyeri akapata shamba huko Kwanza, nje ya mji, akataka wanawe wote walime. Kagwe hakupenda jembe. Alipenda kupitisha kidole kwenye ubao na kujua maji yamefika wapi. Kila mwaka, mvua zikipungua, aling'oa mbao zilizooza upande wa magharibi wa ile nyumba akaweka nyingine. Hakuwa msemaji. Nyumbani kwao Matisi, Nyambu alizoea kujibiwa kwa kichwa. Lakini ukimuuliza habari za Nyumba ya Mbao, angekushika mkono akuzungushe mpaka usahau ulikuwa unaenda wapi.

Mwaka 2004 kukatakiwa kiwanja cha kujenga ofisi za ghorofa. Madiwani wengine wakasema nyumba ibomolewe, mbao zipewe mashule. Wengine, wakiongozwa na diwani mmoja aliyeitwa Mama Jerono, wakasema inaweza kuinuliwa nzima ilivyo, ivutwe hadi kiwanja kilichoko kando ya barabara iendayo Kwanza, iwe maktaba. Walibishana wiki tatu. Mwishowe kamati ikamwita Kagwe.

"Fundi," mwenyekiti akamwambia, "hapa sisi tunapiga domo tu. Wewe ndiye unaijua hii nyumba. Inaweza kuhama ama haiwezi?"

"Nipeni siku nne niiangalie chini."

Aliingia chini ya sakafu kwa tumbo, na tochi na bisibisi. Nyumba ilibebwa na boriti sita. Ya kwanza ilikuwa ngumu kama siku ilipopasuliwa. Ya pili vilevile. Ya tatu, iliyopita chini ya chumba cha mafaili, alipoidunga bisibisi ikazama mpaka mpini. Akadunga mbele kidogo. Ikazama tena. Mchwa walikuwa wamekula moyo wote wakaacha ganda, na juu ya ganda rangi ilikuwa bado inang'aa, rangi aliyoipaka yeye mwenyewe.

Alilala pale vumbini muda mrefu. Alijua akisema ukweli, ubishi umeisha na nyumba imeisha. Alijua pia kwamba boriti mbovu hubadilishwa, ameshabadilisha nyingi. Lakini hiyo ilitaka mafaili yaondolewe kwanza, na mafaili hayangetoka hadi wiki ya kuhama. Akachanganya vumbi la mbao na gundi, akaziba mashimo yake mawili, akapitisha brashi ya rangi juu.

"Inaweza kuhama," akaiambia kamati.

Mama Jerono akapiga makofi. Kura zilipopigwa, kuhamisha kukashinda kwa kura mbili.

Aliyeitwa kuiinua ni Wakhungu wa Kanduyi, kule Bungoma. Alikuwa amehamisha kanisa la mbao na maghala mawili, na yeye na Kagwe walifahamiana tangu ujana, walipokuwa wakipasua mbao pamoja. Alikuja na jeki kumi na mbili, magogo ya kuvingirishia, na wanaume sita. Alikuwa mtu mpana, mwepesi wa kucheka, na ulimini mwake l mara nyingine iligeuka r.

"Bwana Kagwe," akasema, "hii nyumba tutairaza kwa trera kama mtoto."

Mafaili yalitoka Jumatano. Kagwe alipanga kubadilisha boriti Alhamisi. Alhamisi ikanyesha mvua ya mawe, Ijumaa ikanyesha tena, na chini ya sakafu kukawa bwawa. Trekta la kuvuta lilikuwa la kuazima, lilitakiwa shambani Jumatatu. Ijumaa jioni alimkuta Wakhungu peke yake akinawa mikono, na lile neno la boriti lilifika hadi kwenye meno. Wakhungu akamuuliza habari za Nyambu. Kagwe akajibu hajambo, akaenda nyumbani.

Jumamosi saa nne asubuhi, watu wamejaa barabarani, nyumba ikainuka. Wazee wengine walivua kofia. Ilikuwa imepanda kama shubiri tatu Wakhungu alipojipenyeza chini kupanga magogo.

"Hii ya tatu iko sawa?" sauti yake ikatoka kule chini. "Nasikia inaria."

Kagwe alikuwa amepiga magoti hatua chache kutoka kwake.

"Iko sawa," akasema.

Boriti haikuvunjika kwa kishindo. Ilinywea kama muwa uliotafunwa, jeki ikapenya ndani yake, na upande mzima wa nyumba ukakaa chini.

Iliwachukua saa moja na nusu kumtoa Wakhungu. Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti, na wa kushoto ukabaki lakini haukumtii tena. Nyumba ilikaa wiki moja imevunjika mgongo, kisha tingatinga likaja likaimaliza kabla ya saa sita mchana. Waliochunguza walisema ni mchwa, na mvua, na uzee wa mbao. Hakuna aliyemlaumu Kagwe. Mama Jerono alimshika mkono akamwambia, "Ulijaribu, fundi. Pole sana." Hiyo pole aliibeba kama mtu aliyepewa kitu cha wizi.

Mwezi wa Oktoba alikwenda Kanduyi. Nasimiyu, mke wa Wakhungu, alimpokea kwa machozi, akamwita shemeji, akamshukuru kwa vile siku ile alichimba kwa mikono mpaka kucha zikang'oka. Kisha akaenda jikoni. Kagwe akakaa kando ya kitanda akasema yote: bisibisi, gundi, rangi, ile Ijumaa jioni.

Wakhungu alitazama mabati ya paa.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Si ungeniambia tu." Hakupaza sauti. "Boriti mbovu si kitu, Kagwe. Ningepitisha chuma chini yake, kazi ya nusu siku, mvua ama jua. Lile kanisa lilikuwa na tatu mbovu. Nyumba ingehama."

Kagwe hakuwa amewaza hilo hata siku moja. Muda wote alidhani ilikuwa aseme ukweli au aiokoe nyumba. Ukweli ndio ungeiokoa.

"Nasimiyu asijue," Wakhungu akasema. "Kila jioni anatuombea, mimi na wewe. Akijua ataacha, na humu ndani kumebaki maombi tu. Lakini wewe usirudi."

Nasimiyu akaingia na sinia ya ugali na kuku. Kagwe akala, maana hakukuwa na namna ya kukataa. Wakhungu aligeukia ukuta.

Hakurudi. Mwaka uliofuata aliacha kazi kabla ya muda wake, akawa anashinda mlangoni. Jirani akileta kiti kilichovunjika, Kagwe alimwambia mikono inatetemeka. Haikuwa inatetemeka.

Nasimiyu hakuelewa. Kila aliyekwenda Kitale kutoka kwao alipewa mfuko wa njugu ampelekee shemeji. Nyambu aliupokea, akauliza, "Mbona hatuendi kuwaona hawa watu?" Kagwe aliinuka akatoka nje. Mwaka 2007 Nasimiyu akapata simu ya mkononi, akapiga Jumapili moja baada ya kanisa.

"Shemeji, sisi tulikukosea nini? Nikimtajia Mzee jina lako anafunga macho, ati amechoka. Kuja umuone, bana. Anaisha."

"Nitakuja, shemeji," Kagwe akasema. "Ni kazi tu imekuwa mingi."

Hakuwa ameshika msumeno kwa miaka miwili. Nasimiyu akamwambia Mungu abariki hiyo kazi, akaanza kumweleza jinsi vidonda vya mgongoni vinavyomsumbua mumewe usiku, kisha kredi ikaisha, simu ikakatika.