Marashi kwenye Minazi ya Karatasi

Jamani, niacheni nijicheke mwenyewe kwanza, ndipo nanyi mcheke. Vita hivi vimeadimisha vitambaa, basi harusi ya mdogo wangu Mwanamisi ilipokaribia, hapa kwetu Timbwani, nikajitia ufundi wa kumpambia chumba. Nilichora minazi na miembe kwa rangi za maji, nikaikata, nikaibandika kwenye karatasi kubwa kwa gundi ya unga wa muhogo. Nikaitundika juu ya kitanda, shamba zima!

Juzi wanawake walipoingia wakaipigia vigelegele. Kichwa kikanivimba. Nikashika mrashi, nikawanyunyizia wageni marashi kama ilivyo ada, kisha nikaona miti yangu nayo yastahiki kunukia. Nikainyunyizia bila choyo.

Punde minazi ikaanza kulia machozi ya kijani, yakitiririka hadi kwenye shuka jeupe. Nikayapangusa upesi kwa viganja.

"We Mishi!" Mama akashtuka. "Nini hii?"

"Abee, Mama. Paa lavuja."

Nje jua la kaskazi lawaka, wingu hata moja hakuna.

Kabla hajanijibu, somo aliyemfunda bi harusi akaanza dua. Nami kwa mazoea nikainua mikono. Viganja kijani kibichi! Wote wakanikodolea macho, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwanamisi, Mungu amlipe kheri, akavishika viganja vyangu, akavisugua kwenye vyake vyenye hina, kisha akaviinua vyake, navyo sasa vya kijani, watu wote waone.

"Amin," akasema. "Mama, hata mimi paa limenivujia."